Uchafu na mparaganyo katika Kireno: msamiati wa kuelezea watu na mahali

0. Utangulizi

Mwanafunzi anayeanza kujifunza Kireno hufundishwa mapema kwamba neno “sujo” ni “-chafu”, na kwamba “desarrumado” ni “kisichopangwa”. Akiridhika na mawili hayo, ataweza kukieleza chumba chake mwenyewe asubuhi ya siku ya mtihani. Lakini hataweza kuisoma taarifa ya mwalimu kuhusu mtoto wa shule, wala habari ya gazeti kuhusu mitaa ya pembezoni mwa Luanda, pasipo kupotoka. Sababu ni kwamba Kireno kina maneno mengi sana ya kumtaja mtu asiyejitunza na mahali pasipotunzwa, na kila neno lina uzito wake. Moja linachekesha, jingine linakemea, jingine linahukumu.

Katika makala haya tunakusudia kuupanga msamiati huo, kueleza muundo wake, na kuonyesha namna Kiswahili kinavyoweza kuupokea. Tunayo sababu tatu za kulishughulikia jambo hili katika chuo kikuu cha Kongo.

Sababu ya kwanza ni ujirani. Nchi yetu ina mpaka na Angola wenye urefu wa zaidi ya kilomita 2,500, na reli ya Benguela inaiunganisha Katanga na bandari ya Lobito kwa kupitia Dilolo. Sababu ya pili ni kazi. Mwezi wa Agosti 2019, katika mkutano uliofanyika Dar es Salaam, Jumuiya ya Maendeleo ya Kusini mwa Afrika (SADC) iliongeza Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne, pamoja na Kiingereza, Kifaransa na Kireno. Kwa hiyo mkalimani anayetoka katika Kiswahili kwenda katika Kireno hana budi kupatikana, wala si lazima apitie kwanza katika Kifaransa. Sababu ya tatu ni historia ya lugha zenyewe, kwa maana Kiswahili na Kireno vimekwisha kukutana zamani.

Mkutano huo wa zamani ulituachia majina ya vitu. Tangu Vasco da Gama alipofika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498 hadi Waomani walipoitwaa Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698, Kiswahili kilichukua kutoka kwa Wareno meza, leso, kasha, bendera, mvinyo, foronya, parafujo, karata na gereza (hili la mwisho lilianza kwa Wareno likiwa na maana ya kanisa). Katika Kongo, neno “matabishi” tulitumialo kwa bahashishi limetokana na “mata-bicho”, yaani “ua mdudu”, ambalo kwa Wareno lilikuwa kinywaji au mlo mdogo wa asubuhi. Msomaji ataona kwamba haya yote ni majina ya vyombo, nguo, vyakula na majengo. Maneno ya kumsema mtu kwa tabia yake hayamo. Tulichukua meza ya Mreno bila kuchukua matusi yake kwa yule anayeiacha meza hiyo ikiwa chafu. Basi msamiati tunaouchunguza hapa ni mgeni kwetu kabisa, na lazima tuufasiri neno kwa neno.

1. Maneno ya kumtaja mtu

Tunaweza kuyagawa maneno haya katika makundi manne kwa kufuata kile kinacholaumiwa.

1.1. Mwonekano wa mwili na nguo. “Despenteado” ni mtu ambaye hakuchana nywele, kwani “pente” ni kitana. “Desgrenhado” huzidi hapo: nywele zake zimetimka na kusokotana. “Desalinhado” ni mtu ambaye mavazi yake hayakunyooka, kwa sababu “linha” ni mstari. Shati limetoka nje ya suruali, kola imepinda upande mmoja. “Esfarrapado” na “maltrapilho” ni mtu aliyevaa matambara. La kwanza latokana na “farrapo” na la pili na “trapo”, maneno mawili ya kutaja kitambaa kilichochakaa.

1.2. Uchafu wenyewe. “Sujo” ni neno la kawaida, lisilo na chuki. “Imundo” ni kali zaidi. Limetoka katika Kilatini, “mundus” kwa maana ya safi, pamoja na kiambishi cha kukanusha. Katika Biblia ya Kireno pepo mchafu huitwa “espírito imundo”, na kwa hiyo neno hili hubeba harufu ya unajisi, si ya vumbi tu. “Sebento” hutokana na “sebo”, yaani mafuta ya mnyama yaliyoganda. Ni mtu au kitu kinachonata kwa uchafu wa mafuta na jasho.

1.3. Uzembe. Hapa yamo maneno mawili yanayofanana kwa sauti na kuchanganywa mara nyingi, “desleixado” na “desmazelado”. Yote mawili humtaja mtu asiyejali. Lakini “desleixado” huenea katika kila jambo: kazi, maandishi, nyumba, hata utawala wa nchi. “Desmazelado” hukaa zaidi katika mwili, mavazi na shughuli za nyumbani. Nchini Brazil lipo pia “relaxado”. Wasomaji wetu waliosoma Kifaransa wajihadhari nalo. Mbrazil akimwita mtu hivyo kwa kumlaumu, hamaanishi kwamba mtu huyo ametulia na kupumzika. Anamaanisha kwamba ni mzembe, asiyejitunza wala kutunza vitu vyake.

1.4. Kuvuruga. Mtu anayevuruga vitu au utulivu huitwa “bagunceiro”, kutokana na “bagunça”, neno la Brazil linalolingana na fujo. Mtoto anayetawanya vitu vyake sakafuni ni “bagunceiro”, na mwanafunzi anayepiga kelele darasani ni “bagunceiro” vilevile. Kiswahili nacho huunganisha mambo haya mawili katika neno moja, maana twasema “chumba kina fujo” na “watoto wanafanya fujo”.

Inafaa tukae kidogo na jina “desleixo”, ambalo ni chimbuko la “desleixado”, kwa kuwa limekwisha kuingia katika elimu ya jamii. Mwaka 1936 mwanahistoria wa Brazil Sérgio Buarque de Holanda alichapisha kitabu kiitwacho Raízes do Brasil. Humo alilinganisha miji ya Wahispania na ile ya Wareno katika bara la Amerika. Wahispania walichora barabara zilizonyooka kabla ya kujenga. Wareno waliacha mji ufuate mabonde na vilima. Kwa kuieleza tabia hiyo ya pili alitumia neno “desleixo”, akamtaja Mwingereza Aubrey Bell aliyeliona neno hili kuwa la Kireno kabisa, sawasawa na “saudade”. Kwa maoni hayo, “desleixo” si ukosefu wa nguvu. Ni imani ya moyoni kwamba jambo lenyewe halistahili taabu. Mfasiri atakayeandika “uvivu” mahali hapo atakuwa ameiharibu hoja nzima ya mwandishi. “Kutojali” ndilo neno lililo karibu zaidi.

2. Muundo wa maneno

2.1. Kiambishi “des-”. Msomaji ameona kwamba maneno mengi huanza kwa “des-”. Kazi yake ya kawaida ni kugeuza: “arrumar” ni kupanga vitu mahali pake, “desarrumar” ni kuvipangua. Kwa mjuzi wa Kiswahili hakuna mgeni hapa, maana sisi hutumia kiambishi tamati kwa kazi ileile: panga na pangua, funga na fungua, ziba na zibua. Kireno huligeuza neno mwanzoni, Kiswahili huligeuza mwishoni.

Lakini si kila “des-” hugeuza. “Grenha” tayari ni nywele zilizosokotana. Kama “des-” ingekuwa ya kugeuza, “desgrenhado” angekuwa mtu aliyechana nywele vizuri. Vivyo hivyo “leixar” ni umbo la zamani la “deixar”, yaani kuacha. Na “desleixado” si mtu asiyeacha, bali ni mtu aliyejiachia kabisa. Katika maneno haya mawili “des-” hutia nguvu tu. Mwanafunzi asifasiri kiambishi kabla ya kulitazama shina.

2.2. Kiambishi “-ento”. Hiki huonyesha wingi wa kitu, na mara nyingi kitu chenyewe hakipendezi. Vumbi ni “poeira”, na penye vumbi jingi ni “poeirento”. Chawa ni “piolho”, na mwenye chawa ni “piolhento”. Kinyaa ni “nojo”, na kinachotia kinyaa ni “nojento”. Uvundo ni “fedor”, na kinachonuka ni “fedorento”. Kwa Kiswahili hatuna kiambishi kimoja cha kazi hii. Tutatumia “-enye” au “-liojaa”, au kitenzi: penye vumbi, kichwa kilichojaa chawa, kinachonuka.

Katika kundi hili limo neno ambalo wanachuo watalipenda. Huko Coimbra, chuo kikuu cha kale kuliko vyote vya Ureno, maandishi ya mihadhara ambayo wanafunzi walipeana mkono kwa mkono yaliitwa “sebenta”, kwa sababu yalishikwashikwa na vidole vingi hata yakang'aa kwa mafuta. Jina hilo limedumu, na hata leo mwanafunzi wa Ureno huyaita hivyo maandishi anayosomea mtihani. Nchini Brazil, duka la vitabu vilivyokwisha kutumika huitwa “sebo”, neno lilelile la mafuta yaliyoganda. Hivyo neno la kinyaa limegeuka kuwa neno la kupendeza, mradi tu uchafu wenyewe umetokana na kusoma.

2.3. Viambishi “-eiro”, “-alhão” na “-aria”. “-eiro” humtaja mtendaji, kama “m-” yetu katika “mvurugaji”. “-alhão” hukuza na kudharau: “porco” ni nguruwe, “porcalhão” ni mtu mchafu kupita kiasi. “-aria” hufanya jina la jambo au mkusanyiko: “porcaria” ni uchafu, takataka, au kazi iliyofanywa ovyo.

Kuhusu nguruwe, mfasiri awe mwangalifu. Mama wa Kireno aweza kumwita mwanawe “porquinho”, yaani kiguruwe, huku akicheka na kumpangusa uso. Katika nchi ambayo wanakijiji wengi walifuga nguruwe na kumchinja kwa sherehe ya mwaka, mnyama huyo ni wa nyumbani. Lakini katika Kiswahili, lugha iliyokulia kati ya Waislamu wa pwani, kumwita mtu nguruwe ni tusi zito. Tafsiri iliyo sawa kwa kamusi itakuwa imekosea kwa watu. Katika mazungumzo ya namna hiyo afadhali tuseme “wee, mchafu wee!” kuliko kumtaja mnyama.

3. Vitenzi “ser” na “estar”: mahali penye hatari

Tumefika sasa kwenye jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo kubwa zaidi katika makala haya. Kireno kina vitenzi viwili kwa kile ambacho Kifaransa husema kwa kitenzi kimoja. “Ser” hueleza jinsi mtu alivyo kwa tabia au kwa asili. “Estar” hueleza hali aliyo nayo sasa, ambayo yaweza kuondoka. Tulinganishe sentensi hizi:

(a) O aluno está sujo e desgrenhado.
(b) O aluno é sujo e desleixado.

Sentensi ya (a) yasema kwamba mwanafunzi amechafuka, na nywele zake zimetimka. Pengine mvua ilinyesha, pengine amesafiri juu ya lori usiku kucha. Sentensi ya (b) yasema kwamba mwanafunzi ni mchafu na mzembe. Ya kwanza ni habari ya siku moja. Ya pili ni hukumu juu ya mtu.

Mfasiri anayepitia Kifaransa hupata “l'élève est sale” katika sentensi zote mbili, na tofauti hupotea njiani. Jambo la kusikitisha ni kwamba Kiswahili kina tofauti hiyo tayari. Tunayo “amechafuka” kwa kiambishi “-me-” kinachoonyesha hali iliyotokana na tukio, na tunayo “ni mchafu” kwa kielezo cha kudumu. “Chumba kimepanguka” si sawa na “chumba ni cha ovyo”. Yule anayetoka katika Kireno moja kwa moja hadi katika Kiswahili hulifikisha jambo salama. Yule anayepitia lugha ya tatu hulivunja.

Tuchukue mfano. Familia imevuka mpaka kutoka Angola, na mtoto ana karatasi ya shule iliyoandikwa kwa Kireno. Mwalimu wake wa zamani ameandika kwamba mtoto “estava sempre sujo”, yaani alikuwa amechafuka kila alipofika. Hayo yaweza kuwa habari ya umbali wa maji, na mwalimu mpya akiisoma hivyo ataulizia kisima. Ikifasiriwa “alikuwa mtoto mchafu”, mwalimu mpya atamketisha nyuma ya darasa. Katika karatasi hiyo maisha ya mtoto yamening'inia kwenye kitenzi kimoja. Ndiyo maana tunasema kwamba msamiati wa uchafu si jambo la mchezo.

4. Maneno ya kutaja mahali

Chumba kisichopangwa ni “desarrumado”, na hali yake ni “desarrumação” kwa Wareno au “bagunça” kwa Wabrazil. Mparaganyo mkubwa wenye kelele huitwa “balbúrdia” au “barafunda”. Hapa Kiswahili hakina upungufu: “shaghalabaghala”, “vurugu” na “vurumai” zatosha.

Mahali pachafu hasa pana majina ya picha. “Chiqueiro” na “pocilga” ni zizi la nguruwe, na hutumika kwa chumba au nyumba. “Espelunca” asili yake katika Kilatini ni pango. Leo ni hoteli, baa au nyumba yenye giza na uchafu. “Pardieiro” ni jengo la kale linaloporomoka. “Lixeira” ni jalala, kutokana na “lixo”, yaani takataka. Kati ya “lixo” na “luxo”, yaani anasa, kuna tofauti ya irabu moja tu, na mshairi wa Brazil Augusto de Campos alilijenga shairi lake mashuhuri la mwaka 1965 juu ya irabu hiyo.

Kisha yapo majina ya makazi ya maskini, na hapa yatupasa kutazama kwa makini, kwa sababu hakuna hata moja lililoanza na maana ya uchafu:

– “Cortiço” kwanza ni mzinga wa nyuki. Baadaye likawa nyumba kubwa iliyogawanywa vyumba vingi vya kupangisha, watu wakiishi wamebanana. Aluísio Azevedo alilifanya jina la riwaya yake ya mwaka 1890.

– “Favela” kwanza ni jina la mmea wa nyika kavu za kaskazini-mashariki mwa Brazil. Kilima kimoja karibu na Canudos, Bahia, kilichukua jina hilo. Vita vya Canudos vilipokwisha mwaka 1897, askari waliorudi Rio de Janeiro walijenga vibanda juu ya kilima kingine, na jina likahamia huko, kisha likaenea nchi nzima.

– “Caniço” ni tete. Katika Msumbiji ya kikoloni, mji wa Lourenço Marques, ulioitwa Maputo tangu 1976, ulikuwa miji miwili: mji wa saruji wa Wazungu na mji wa matete wa Waafrika.

– “Bairro de lata” ni mtaa wa mabati, jina la Ureno yenyewe kwa vibanda vilivyoizunguka Lisbon.

Mzinga, mmea, tete, bati: yote ni majina ya vitu visivyo na hatia. Maneno hayo yalichafuka kwa sababu wenye kuyatamka waliwadharau wakazi wa mahali hapo. Kama tungesema kwa sarufi ya sehemu iliyotangulia, maneno haya hayakuwa machafu, yamechafuliwa.

5. Maneno ya Kibantu ndani ya msamiati huu

Kwa idara yetu sehemu hii ina faida ya pekee. Kimbundu cha Angola, ndugu wa Kiswahili katika ukoo wa lugha za Kibantu, kimeupatia Kireno maneno kadhaa ya kundi hili.

“Musseque” ni mitaa ya maskini ya Luanda. Kwa Kimbundu ni “mu” ya mahali pamoja na “seke”, yaani mchanga: penye mchanga, ule mchanga mwekundu ulioanza pale lami ilipokoma. Msomaji wa Lubumbashi hahitaji kufundishwa “mu” hiyo, maana huisema kila siku anaposema “mu nyumba” na “mu mugini”. José Luandino Vieira aliandika hadithi za Luuanda juu ya maisha ya mitaa hiyo, na alipotunzwa na Chama cha Waandishi wa Ureno mwaka 1965, akiwa kifungoni Tarrafal, serikali ya Lisbon ilikifunga chama chenyewe. Kosa la kitabu, machoni pa watawala, halikuwa dogo: kiliwaonyesha watu wa musseque wakiwa na akili, ucheshi na hasira ya haki, wakizungumza Kireno kilichochanganyika na Kimbundu chao.

“Mulambo”, au “molambo”, katika Kimbundu lilikuwa kitambaa cha kujifunga kiunoni. Katika Brazil likawa tambara, kisha mtu dhaifu asiye na heshima. Kutoka hapo wakaunda “molambento”, aliyevaa matambara. Tazama muundo wake: shina la Kibantu, kiambishi tamati cha Kilatini. Vazi la kumsitiri mtu limegeuzwa jina la kumwaibisha. Hata katika mpira wa miguu, wapinzani wa timu ya Flamengo ya Rio de Janeiro huwaita mashabiki wake “mulambos”, na anayejua asili ya neno hutambua kwamba dhihaka hiyo inawalenga maskini na Weusi.

“Quilombo” limepita njia mbili. Kwa Kimbundu “kilombo” ni kambi ya vita. Katika Brazil likawa kijiji cha watumwa waliotoroka, na kubwa kuliko vyote lilikuwa Palmares, ambalo kiongozi wake Zumbi aliuawa tarehe 20 Novemba 1695. Katiba ya Brazil ya mwaka 1988 ilizitambua haki za ardhi za wazao wa makazi hayo, na sheria ya Desemba 2023 iliifanya tarehe 20 Novemba kuwa sikukuu ya taifa zima. Lakini neno hilohilo, lilipovuka kwenda Argentina na Uruguay, likawa danguro, kisha likawa fujo au mparaganyo wowote. Upande mmoja wa mpaka ni neno la heshima. Upande wa pili ni kelele ya mtu anayekuta vitu vyake vimepanguliwa.

6. Neno na nyundo

Je, haya yote yana madhara gani nje ya kamusi? Historia yajibu.

Katika Rio de Janeiro kulikuwa na “cortiço” kubwa lililoitwa Cabeça de Porco, yaani Kichwa cha Nguruwe. Mnamo Januari 1893 meya Barata Ribeiro aliamuru libomolewe kwa jina la usafi na afya ya mji. Watu waliobomolewa vyumba hawakupewa vingine. Mji uliita nyumba zizi, kisha ukawatendea wakazi kama mifugo. Jina lenyewe, “cabeça de porco”, likabaki katika lugha kuwa neno la kawaida la nyumba za namna hiyo.

Mwaka 1960 mwanamke aliyeokota karatasi chakavu katika favela ya Canindé, São Paulo, alichapisha shajara yake. Ni Carolina Maria de Jesus, na kitabu chake ni Quarto de Despejo, maana yake chumba cha kutupia vitu visivyotakiwa. Kwake, mji ni nyumba, na favela ndiyo chumba hicho cha nyuma. Hakuficha tope wala uvundo. Aliutaja uchafu wote. Ila yeye alieleza nani ameutupa pale. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kueleza na kudharau.

Hata takwimu zimelazimika kuchagua maneno. Taasisi ya takwimu ya Brazil, IBGE, kwa miaka mingi iliyaita makazi haya “aglomerados subnormais”, yaani makusanyiko yaliyo chini ya kawaida. Mwezi wa Januari 2024 iliacha jina hilo na kurudia “favelas e comunidades urbanas”. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu zaidi ya milioni 16. Kuita watu milioni 16 “chini ya kawaida” si hesabu tena.

Wala wanachuo wasidhani kwamba msamiati huu unawahusu maskini peke yao. Mwaka 2019 waziri wa elimu wa Brazil alitangaza kuvipunguzia fedha vyuo vikuu vya umma alivyovishutumu kwa “balbúrdia”, akitaja vile vya Brasília, Bahia na Fluminense. Baada ya muda mfupi hatua hiyo ilienezwa kwa vyuo vikuu vyote vya shirikisho, na tarehe 15 Mei walimu na wanafunzi waliandamana katika miji mingi. Neno lililomfaa mtoto anayepangua chumba lilitumika kupangua bajeti.

Yapo pia maneno yaliyogeuzwa na wenyewe waliotukanwa. Kusini mwa Brazil, katika jimbo la Rio Grande do Sul, waasi wa miaka 1835 hadi 1845 waliitwa “farrapos”, yaani matambara. Walilipokea tusi hilo, vita vikaitwa kwa jina lao, na hadi leo jimbo husherehekea tarehe 20 Septemba kwa kumbukumbu yao.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba Kireno hupanga uchafu kwa ngazi: mwonekano, uchafu wenyewe, uzembe na vurugu, kwamba viambishi vyake huonyesha uzito wa lawama, kwamba “ser” na “estar” hutenga hali ya siku moja na tabia ya mtu, na kwamba Kiswahili kina njia yake ya kuitunza tofauti hiyo. Tumeona pia kwamba majina mengi ya mahali yalianza safi.

Kwa mfasiri tunapendekeza kanuni tatu. Kwanza, aulize kama neno linataja hali au tabia, na asiandike “ni mchafu” palipo na “amechafuka”. Pili, aulize nani anasema: mkazi wa mahali au mpita njia. Neno “musseque” katika kinywa cha aliyezaliwa humo ni kwao; katika kinywa cha mwingine laweza kuwa jalala. Tatu, pale ambapo Kiswahili hakina neno moja, asione haya kutumia sentensi. Ni afadhali maneno matano ya haki kuliko neno moja la kuonea.

Wahenga walisema kwamba nyani haoni kundule. Lugha zote zina maneno mengi kwa uchafu wa jirani na machache kwa uchafu wa mwenye kusema. Kireno hakikuanza, na Kiswahili hakijaepuka. Lakini mwenye kujua maneno yalikotoka huyatamka kwa hadhari zaidi, na hiyo ni faida tosha ya kusoma leksikografia.